Karatasi ya Thelathini na Moja

Desemba nzima nilishona magauni ya watoto wa watu.
Cherehani yangu pale Mlango Mmoja haikulala:
rinda, utepe, kifungo,
mama huyu anataka mabega yapande,
yule anataka mgongo wazi,
wote wanataka jana.

Wa kwangu, Misoji, nilimwambia ukweli tarehe ishirini na tatu:
mwaka huu gauni ni lile la Pasaka,
nimelishusha pindo vidole vitatu.
Hakulia. Alinitazama tu
kama mtu anayeandika deni.

Jioni nikapita Makoroboi, kwa kijana anayetandaza vitabu chini
kati ya soksi na chaja za simu.
Nikachagua chenye picha ya kiboko kwenye jalada,
bei nikaishusha mpaka nikaona aibu,
nikakifunga kwa kipande cha satini ya waridi
kilichobaki kwa mtoto wa meneja wa benki.

Asubuhi ya Krismasi alilipapasa furushi, akalibonyeza.
"Viatu haviwi bapa hivi," akasema.

Baada ya misa na pilau wakatoka, yeye na wenzake wa uani,
na Kashindye mdogo mwenye miwani ya plastiki ya kijani,
kwenda kupigwa picha mbele ya Jiwe la Bismarck.
Kitabu alikibeba kwapani.
Labda kwa sababu wenzake walikuwa na pochi.

Ziwa halina adabu ya sikukuu.
Wingu lilivuka kutoka Kamanga bila kulipa nauli.
Mpiga picha alikimbia na mwavuli wake,
na Misoji, aliyesukwa saa nne nzima na Mama Nyanzobe,
alifanya ambalo hata mimi ningelifanya:
kitabu kichwani.

Alirudi nywele kavu, kitabu uji.
"Mama, kimefunguka chenyewe."
Sikumpiga. Ilikuwa Krismasi,
na mkono wangu ulikuwa na pilau.

Tukazianika karatasi juu ya mawe ya Mabatini,
yale yanayobeba vyumba vyetu mgongoni,
kila moja na kokoto yake, kama dagaa:
upande huu, kisha ule.
Nyingine tukazibana kambani kati ya mashuka.

Hapo ndipo majirani walipoanza.
Baba Lugembe, akitafuta taulo lake, alikuta ukurasa wa tisa,
akausoma amesimama, povu likimkaukia shingoni.
"Kwani huyu kiboko alivuka?"
"Usiniambie!" akapaza binti wa chumba cha kona. "Niko kumi na nne!"
Giza lilipoingia watu walizunguka mawe kwa tochi za simu,
wakiisoma hadithi kutoka kati kwenda popote,
kila mmoja akimdai mwenzake kipande.

Kesho yake wenye magauni mapya walipanda boti kwenda Saanane.
Nilikuwa na nauli yake; nilikuwa nimeificha kwenye kopo la vifungo.
Akasema pimbi watasubiri.
Tukakaa kwenye ngazi, mimi na sindano nene na uzi wa waridi,
yeye anaita namba, mimi natoboa.
"Ishirini na saba." Nikavuta uzi.
"Ishirini na tisa." Nikavuta.
"Thelathini na tatu."
Tukatazamana.

Ilikuwa kwa Mama Nyanzobe, chini ya mto wake.
Kusoma alijifunzia ukubwani, husoma kwa kidole,
neno likimshinda hurudi mwanzo wa mstari.
"Mkinipokonya," alisema, "nitaanza upya."

Basi niliacha nafasi, na uzi ukining'inia.
Mwaka ulibadilika ukining'inia.

Aliileta siku ya Mapinduzi, imekunjwa mara mbili,
inanukia mafuta ya nywele.
Kila alipogusa, karatasi imekuwa kioo:
ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha
unaona, nyuma ya maneno ya upande huu,
maneno ya upande wa pili yakija kinyumenyume,
na kiboko, mguu mmoja tayari majini.